Mpira unavuka mpaka Tunduma, karatasi zinabaki nyuma

Wahitimu wa sheria waliokwama njiani kuelekea uwakili wana kazi inayowasubiri kwenye soka, na Songwe ni miongoni mwa sehemu zinazowahitaji zaidi

TUNDUMA. Kwenye mechi za mtaani za kugombea mbuzi hapa mpakani, si rahisi kujua kijana yupi ni wa Tanzania na yupi ni wa Zambia. Kinyamwanga ni kile kile, maji yananunuliwa kwa shilingi au kwa kwacha, na anayetoka Sogea au Mpemba kwenda kucheza Nakonde hajihesabu kama amesafiri. Amevuka barabara tu. Akifunga mabao mawili, wiki ijayo anaitwa tena. Wiki ya tatu anaambiwa abaki, kuna timu inataka kumsajili.

Shida inaanzia hapo. Kama kijana ana miaka 16, hiyo safari ya dakika kumi kwa bodaboda FIFA inaiita uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, na kanuni yake ya 19 inaupiga marufuku. Kocha wake hajui. Mzazi hajui. Kiongozi wa timu ya Nakonde pengine naye hajui. Kijana anacheza, anakua, na siku klabu kubwa inapomtaka, kumbukumbu zake zinaonyesha miaka mitatu ambayo hakuna anayeweza kuieleza.

Kinachouma ni kwamba kanuni hiyo hiyo ina mlango ambao kwa mji kama Tunduma ni kama umechongwa kwa kipimo. Mchezaji anayeishi ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani anaruhusiwa kusajiliwa na klabu ya nchi jirani, kama klabu hiyo nayo iko ndani ya kilomita 50 kutoka mpaka huo huo. Umbali kati ya nyumbani kwake na makao ya klabu usizidi kilomita 100. Aendelee kulala kwao, na mashirikisho yote mawili, TFF na lile la Zambia, yatoe ridhaa yao wazi. Kijana aliyeishi mfululizo Nakonde kwa miaka mitano au zaidi naye ana mlango wake. Maombi hayapelekwi na mzazi wala na kocha, yanapelekwa na shirikisho kupitia mfumo wa FIFA, yakiwa na vyeti vyote vinavyotakiwa.

Mtu wa kuisoma kanuni hiyo, kukusanya cheti cha kuzaliwa, barua ya mzazi, barua ya shule na uthibitisho wa makazi, kisha kufuatilia mpaka Dar es Salaam na Lusaka, si kocha. Ni mtu aliyesoma sheria. Na hao wapo, tena wengi, ila wamekaa foleni sehemu nyingine.

JOHO LA WATU 26

Tanzania ina utaratibu unaojulikana. Ukimaliza shahada ya sheria, iwe Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Mzumbe, bado wewe si wakili. Unatakiwa upite Shule ya Sheria kwa Vitendo iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, ufaulu, kisha uapishwe. Shule iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka Tunduma. Kwa mtoto wa mkulima wa kahawa wa Mbozi, kodi ya chumba na nauli peke yake ni mtihani kabla ya mtihani.

Oktoba 2022 nchi nzima ilishtuka matokeo yalipotoka. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo walikuwa 342, na 265 wakaambiwa safari yao imeishia pale. Kelele zilikuwa kubwa. Waziri wa Katiba na Sheria wakati huo, Dk Damas Ndumbaro, akaunda kamati ya kuchunguza chini ya Dk Harrison Mwakyembe.

Msomaji wa kurasa za michezo hayo majina mawili anayafahamu kwa sababu nyingine kabisa. Mwakyembe, mwanasheria wa Kyela, alikuwa waziri mwenye dhamana ya michezo kabla ya hapo. Ndumbaro alijulikana kwenye soka kama wakala wa wachezaji na mwanasheria wa klabu muda mrefu kabla siasa hazijamchukua. Mwaka 2014 Kamati ya Nidhamu ya TFF ilimfungia miaka saba akizitetea klabu za Ligi Kuu kwenye mvutano wa fedha za wadhamini. Mwaka 2023 akawa waziri wa michezo. Kwa hiyo waliokaa mezani kuchunguza kwa nini vijana wanakwama kuwa mawakili walikuwa watu ambao sheria iliwapitisha viwanjani. Hilo halikuzungumzwa sana kwenye mjadala ule, na ilikuwa nafasi nzuri ya kulizungumza.

Si jambo jipya pia. Said El Maamry, aliyeongoza FAT na kufika ngazi za juu za CAF, alikuwa wakili.

WAKALA SI WAKILI

Maneno haya mawili watu wanayachanganya vijiweni kila siku. Wakili ameapishwa na Jaji Mkuu, na kujitangaza wakili bila kuapishwa ni kosa la jinai. Wakala wa wachezaji hahitaji joho. Hahitaji hata shahada. Anahitaji leseni ya FIFA.

Zamani wakili aliruhusiwa kumwakilisha mchezaji bila leseni, taaluma yake ilimtosha. Kanuni mpya za mawakala, zilizoanza kutumika kikamilifu Oktoba 1, 2023, zimeufuta upendeleo huo. Akitaka kutafuta klabu na kulipwa kwa dili, wakili mwenye miaka 20 kazini anafanya mtihani sawa na kijana aliyetoka chuo jana. Maswali 20 ya kuchagua, saa moja, na ili upite unatakiwa upate 15. Lugha ni Kiingereza, Kifaransa au Kihispania. Vitabu vya kusomea FIFA yenyewe inaviweka mtandaoni bure.

Mtihani wa kwanza, Aprili 2023, ulifanywa na watu 3,800 duniani na wakafaulu 1,962, asilimia 52. Nusu wakaanguka, wakiwemo watu waliokuwa wakifanya biashara hiyo miaka yote. Huwezi kuulinganisha na wa Shule ya Sheria, uzito haufanani. Ila maswali yake ni ya mikataba, uhamisho, watoto, fidia, nidhamu na mabaraza ya usuluhishi. Mtu aliyekaa miaka minne akisoma sheria za mikataba na tafsiri ya vifungu anaanza mbele ya mchezaji mstaafu anayetegemea namba za simu.

Hela ipo, lakini watu waambiwe ukweli. Kanuni iliweka dari ya asilimia 5 kwa anayemwakilisha mchezaji mwenye kipato kisichozidi dola 200,000 kwa mwaka. FIFA ililazimika kusimamisha utekelezaji wa sehemu hiyo mwishoni mwa 2023 kwa sababu ya kesi za Ulaya, lakini hesabu bado inasaidia. Chukua mchezaji anayelipwa Sh1.5 milioni kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh18 milioni, na asilimia 5 yake ni Sh900,000. Huyo ni mchezaji mmoja, kama klabu inalipa kwa wakati, na wote tunajua habari za klabu kulipa kwa wakati. Ukiwa na wachezaji watano wa aina hiyo hujafika popote. Anayeingia akiota magari ya mawakala wa Ulaya atatoka mapema.

Na kuna watoto. Wakala haruhusiwi kumfuata mchezaji aliye chini ya umri mpaka ibaki miezi sita kabla hajafikia umri wa kusaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa kwa sheria za nchi husika, na lazima mlezi aridhie kwa maandishi. Wale jamaa wanaozunguka kwenye mashindano ya shule wakiwasainisha watoto wa kidato cha pili karatasi za "usimamizi" za miaka kumi hawana uhalali wowote. Hata kwa mtu mzima, mkataba wa uwakilishi hauzidi miaka miwili na haujirefushi wenyewe.

KITI CHA KLABU NDICHO KITUPU

Uwakala ndio unaotajwa sana kwa sababu una picha za kushikana mikono. Lakini kwa mkoa kama Songwe, kiti kinachohitaji mtu haraka zaidi ni cha mwanasheria wa klabu, au tuseme katibu anayejua sheria. Mtu mmoja hawezi kukalia viti vyote viwili: kanuni za FIFA zinamkataza mwajiriwa au kiongozi wa klabu, ligi au chama kuwa wakala. Ni kuchagua.

Klabu kubwa zimeshaelewa. Yanga ina mkurugenzi wa sheria, na jina la Simon Patrick mashabiki wanalijua kama wanavyowajua baadhi ya wachezaji. Leseni ya klabu ya CAF yenyewe ina vigezo vya kisheria vinavyosimama pembeni ya vile vya uwanja, fedha, utawala na michezo.

Zimeelewa kwa kuumia. Bernard Morrison alitoka Yanga kwenda Simba Agosti 2020 baada ya kamati ya TFF kuona mkataba ambao Yanga iliuegemea ulikuwa na kasoro. Yanga ikaenda hadi CAS, mahakama ya michezo ya Lausanne, na mwaka uliofuata ikashindwa. Ugomvi wote ule, vijiwe vyote vile kugawanyika, chanzo ni karatasi. Mwaka 2022 Morrison akarudi Jangwani kana kwamba hakuna kilichotokea.

Halafu Feisal Salum. Desemba 2022 Fei Toto aliweka Sh112 milioni kwenye akaunti ya Yanga, Sh100 milioni za kuvunja mkataba na Sh12 milioni za mishahara ya miezi mitatu, akaaga. Kamati ya TFF ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Akamchukua Fatma Karume, aliyewahi kuwa rais wa chama cha mawakili Tanganyika, lakini kwenye kamati hakupata alichotaka. Ilibidi suala hilo litajwe na Rais Samia Ikulu, Juni 2023, ndipo pande mbili zikakaa na mchezaji akauzwa Azam. Kabla ya kumlaumu mchezaji au klabu, kanuni ya 16 ya FIFA inasema kwa sentensi moja kwamba mkataba hauvunjwi kwa upande mmoja katikati ya msimu. Kama aliambiwa hilo kabla ya fedha kuingia benki, hakulisikiliza.

Kwa watu wa Tunduma, mfano wa karibu zaidi ni wa Lazarous Kambole. Mshambuliaji huyu Mzambia alikuja Yanga mwaka 2022, hakufanya makubwa, wengi wakamsahau. Mwaka 2024 TFF ikatangaza kwamba FIFA imeifungia Yanga kusajili kwa sababu ya madai yake. Klabu bingwa ya nchi, ikiwa kwenye ubora wake, ilifungiwa kwa sababu ya mtu ambaye hata jezi yake haikuuza. Chama, Musonda, Phiri, Mutale: barabara ya Wazambia kuja Ligi Kuu ina watu wengi, na kila anayepita ana mkataba ambao siku moja utasomwa na mtu asiyejua Kiswahili wala hajali ushabiki.

Kama mwajiri haeleweki, mchezaji naye ana silaha. Klabu ikimdai uvumilivu kwa kutolipa mishahara miwili ya mwezi, anaandika barua ya kuidai, anaipa siku 15, na isipolipa anaruhusiwa kuondoka akiwa na sababu halali. Barua hiyo ni ya ukurasa mmoja. Wachezaji wangapi wa madaraja ya chini wameondoka bila kuiandika, wakageuka wao ndio waliovunja mkataba?

Na hapa mhitimu asiye na joho asikilize vizuri. Kwenye baraza la soka la FIFA mwakilishi anatakiwa awe na barua ya mamlaka kutoka kwa mteja, siyo cheti cha uwakili. Kesi ikihusisha mchezaji au kocha haina gharama za uendeshaji. Hata CAS, kanuni zake zinasema mhusika anaweza kuwakilishwa na mtu yeyote anayemchagua. Mlango wa Kisutu umefungwa kwa asiyeapishwa, wa Lausanne uko wazi. Ada ya kufungua rufaa huko ni faranga 1,000 za Uswisi, na kwa kesi za mikataba gharama za wasuluhishi zinafuata, kwa hiyo si pa kwenda kujaribu bahati. Wakenya wao wana baraza lao la migogoro ya michezo kwa sheria ya mwaka 2013, lililofuta uchaguzi wa shirikisho lao mara mbili, na mawakili vijana wa Nairobi wamejifunzia humo. Tanzania bado inategemea kamati za TFF.

HELA ILIYOLALA KWENYE VUMBI

Turudi Songwe, mkoa uliozaliwa mwaka 2016 ukitolewa ubavuni mwa Mbeya. Timu zake nyingi zinaishi kwa michango ya wafanyabiashara wa mpakani, madereva wa malori na mashabiki wa kijiweni. Hazitarajii kuuza mchezaji Ulaya. Lakini FIFA haiulizi kama ulimuuza wewe. Inauliza kama ulimlea.

Kila mchezaji anaponunuliwa kwenda nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei inakatwa na kugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kwa kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 klabu inapata asilimia 0.25, na kwa kila msimu wa miaka 16 hadi 23 asilimia 0.5. Inadaiwa kila anapouzwa, hata akiuzwa mara nne.

Mbwana Samatta alipotoka Genk kwenda Aston Villa Januari 2020, vyombo vya Uingereza vilitaja pauni milioni 8.5. Kwa hesabu ya kanuni, msimu mmoja tu wa kumlea akiwa na miaka 16 au zaidi ulikuwa na thamani ya pauni 42,500. Kwa shilingi za wakati ule ni zaidi ya Sh120 milioni. Msimu mmoja.

Shusha mfano mpaka Momba. Timu imekaa na kijana kuanzia miaka 14 hadi 17, misimu minne. Misimu miwili ya kwanza ni asilimia 0.5, miwili inayofuata ni asilimia 1, jumla 1.5. Akija kuuzwa kwa dola 200,000 kwenda Afrika Kusini au Morocco, timu ile ina dola 3,000. Kwa klabu ya Ligi Kuu si kitu. Kwa timu inayoazima mipira ni jezi, viatu, nauli ya ligi ya mkoa na chenji inabaki.

Tangu Novemba 2022 fedha hizi zinapita kwenye kituo cha malipo cha FIFA, na mfumo unatengeneza wenyewe historia ya mchezaji kutokana na usajili wa kielektroniki wa kila nchi. Nusu ya habari hiyo ni njema: timu ndogo haihitaji tena kumwandikia barua tajiri wa Ulaya. Nusu nyingine ni kwamba mfumo unaona kilichosajiliwa tu. Kijana aliyecheza misimu minne kwa jina lililoandikwa kwenye daftari la katibu, au kwa cheti cha kaka yake ili apunguze umri, kwa mfumo hakuwepo. Aliyecheza misimu miwili Nakonde bila kibali hakuwepo upande wowote. Na timu iliyobadilisha jina kila ilipopata mdhamini mpya itapata kazi ya kuthibitisha kwamba ndiyo ile ile. Kama klabu haipo tena, fedha zake zinaweza kwenda kwa shirikisho.

Kazi ya kwanza ya mhitimu wa sheria aliyeko Tunduma, Vwawa au Mlowo, basi, ni ya vumbi kweli. Kuisajili timu kisheria ili iwe na katiba na akaunti ya benki kwa jina lake. Kuhakikisha kila kijana anaingia kwenye mfumo wa TFF kwa jina na tarehe zake halisi, kila msimu. Kuwaambia wazazi wa upande huu wa mpaka kuhusu zile kilomita 50. Kukaa kwenye kamati ya nidhamu ya chama cha wilaya, ambako rufaa zinaandikwa kwa hasira na kutupwa kwa sababu zimepita muda. Mwanzoni hailipi, au inalipa nauli. Wengi watakaoifanya watakuwa na kazi nyingine mchana, kwenye ofisi za mawakala wa forodha mpakani au kwenye madarasa ya shule, na mafaili ya timu yatasomwa usiku.

Anayetaka leseni ya uwakala anaweza kusoma huku akifanya hayo. Anayetaka kurudia masomo yake ya Shule ya Sheria naye arudie, soka halimzuii, na siku akiapishwa atakuwa wakili anayejua kitu ambacho wenzake wengi hawakijui.

Kwa timu ambazo tayari kuna kijana wao aliyeuzwa nje na hawajapata kitu, FIFA haisikilizi dai lililopita miaka miwili tangu haki ilipozaliwa. Kwa kila uhamisho, hesabu hiyo inaanza kukimbia siku haki hiyo inapozaliwa.